Halua Mbele ya Marehemu

Bwana wa kampuni ya reli alipopiga hodi, Bi Kikuno alikuwa peke yake nyumbani, amekaa mkekani, miguu kainyoosha, akichambua vitunguu vya majani vya kupeleka kibandani. Mwanawe Yasuji na mkewe Mitsue walikuwa huko chini ya reli, stesheni ya Horibata, wakiuza tambi tangu alfajiri. Yeye magoti humuuma kila mvua inapokaribia, na siku hiyo yalimwambia abaki.

"Hodi hapa. Niwieni radhi kwa usumbufu."

Bi Kikuno akausukuma mlango kando. Nje alisimama mwanamume wa makamo mwenye suti ya kijivu, kofia mkononi, na kifuani amekumbatia furushi la kitambaa cha zambarau kama aliyebeba mtoto mchanga. Bi Kikuno alimtambua. Chini ya reli hakuna asiyemjua Shiomi, yule aliyekuja na wapimaji wakachora kwenye nguzo alama za chaki za kuvunjwa vibanda.

"Umepotea njia, bwana," akamwambia. "Mambo ya vibanda yanazungumzwa na Mzee Okabe, mwenyekiti wetu. Hapa ni nyumbani kwa mtu."

"Sikuja kwa mambo ya vibanda, mama." Akainama hadi utosi wake ukaonekana. "Nimesikia mwezi huu ndio wa kumbukumbu ya mumeo, marehemu Mzee Genzaburo. Naomba ruhusa nimfukizie udi."

Hapo Bi Kikuno akakwama. Wenye vibanda wote walikuwa wamekubaliana mbele ya Mzee Okabe kwamba cha kampuni kisipokelewe. Isiwe chupa ya pombe, isiwe hata taulo la kufutia jasho. Maana ukipokea umeanza mazungumzo, na ukianza mazungumzo peke yako umewauza wenzako. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Lakini makubaliano yale yalikuwa ya vitu, hakuna aliyetaja udi. Mtu akiomba kumwombea marehemu wako, unamfungia mlango kwa uso gani?

"Pita," akasema.

Shiomi alivua viatu, akavigeuza vikaelekea nje kama mtu aliyelelewa, akapiga magoti mbele ya kabati dogo jeusi la marehemu lililokaa pembeni mwa chumba. Ndani yake kilisimama kibao chenye jina la Genzaburo na picha yake akicheka. Akawasha kijiti cha udi, akagonga kikengele, akaunganisha viganja. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko wanaofanya hivyo kwa adabu tu. Alipomaliza akafungua furushi, akatoa boksi lililofungwa kwa karatasi nzuri, akalisukuma mkekani taratibu kwa mikono miwili.

"Si kitu, mama. Ni kidogo tu cha marehemu."

"Hapana, bwana, hilo tena—"

"Supu ya mzee huyu niliwahi kuila," Shiomi akasema, kana kwamba hakumsikia. Akakikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni, akaaga.

Bi Kikuno alimsindikiza kwa macho. Supu niliwahi kuila! Nani katika mji huu hajawahi kula supu chini ya reli? Maneno ya mtu mwenye haja hayo, akajisemea. Akarudi ndani, akalichukua lile boksi, akaliweka mbele ya kibao cha mumewe, akagonga kikengele.

Alifanya hivyo kama mtu anavyofunga kanga bila kutazama. Katika nyumba ile hakiingii kitu kikaliwa kabla ya marehemu. Wali wa kwanza kutoka chunguni ni wake. Tunda la kwanza la majira ni lake, na hata mshahara wa kwanza wa Yasuji, alipokuwa kibarua wa forodhani, ulilala mbele ya kibao kile usiku kucha. Mikono ilikwisha zoea. Akili ilifika baadaye, mikono ikiwa imekwisha maliza.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Nimefanya nini?"

Akanyoosha mkono aliondoe, mkono ukagoma hewani. Kilichokwisha tolewa kwa marehemu, marehemu amekwisha kukila. Huwezi kumpokonya tonge mdomoni ukampelekee mtu baki, ukisema shika chako.

Akaketi akilitazama. Karatasi ilikuwa ya duka la Hanakatsu, wale watengeneza halua ya maharage mekundu ambayo watu wa chini ya reli huionea dirishani tu.

Ng'ambo ya kichochoro, Fude muuza mitumba alikuwa akianika kimono kuukuu kwenye mwanzi. Kazi ile hakuifanya haraka.

*

"Mama, hii imetoka wapi?" aliuliza Mitsue jioni, hata kabla hajafungua kitambaa cha kichwani.

Bi Kikuno akawaeleza. Hakupunguza wala hakuongeza. Yasuji alisikiliza amesimama, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyejikwaa kidole.

"Mama! Mama yangu mzazi! Wewe ndiye uliyemwambia Fude akipokea hata kipande cha sabuni utammwagia mchuzi kichwani!"

"Nilisema."

"Sasa nani akumwagie wewe?"

"Alikuja kwa udi, Yasuji. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia mama hayupo."

"Mbele ya baba yako? Anakutazama pale?"

Yasuji akatupa jicho kwenye picha. Mitsue alikuwa ameketi, mkono mmoja tumboni. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana, na moshi wa makaa ulikuwa umempa kikohozi kilichokataa kutoka. Alikohoa kwanza, ndipo akasema:

"Turudishe nusu, Mama, kama desturi. Tununue kitu cha nusu ya thamani, tumpelekee, yaishe."

"Nusu ni asante, mke wangu," Yasuji akamjibu. "Ukimpelekea asante, unamshukuru kwa lipi? Kwa kutuvunjia kibanda?"

"Basi tusirudishe kitu."

"Hapo tutakuwa wezi," akasema Bi Kikuno. "Tumekula na hatujasema."

"Hatujala!"

"Baba yako amekula."

Walikula tambi zilizobaki. Boksi lilikuwa pale pale, na picha ya marehemu nyuma yake ikiendelea kucheka.

*

Asubuhi yake Bi Kikuno alishuka kibandani na magoti yake hayo hayo. Juu treni zilikuwa zikipita kama kawaida, vikombe vikigongana rafuni kila moja ipitapo. Kibanda chao kilikuwa cha kwanza kutoka lango la mashariki, ukuta wake wa nyuma ni nguzo ya reli yenyewe. Nguzo ile ilikuwa nyeusi tangu usiku ule ndege zilipouchoma mji. Stesheni iliungua paa, saa, na vyoo, zikabaki nguzo. Vita vilipokwisha, watu walikuwa wakishushwa hapo na treni wakiwa mifupa mitupu, na Genzaburo, aliyerudi kutoka jeshini na kofia ya chuma na shati moja, aliiinjika kofia juu ya matofali akawachemshia supu. Mkuu wa stesheni wa zama zile alimruhusu achote maji bombani mwa magari moshi, akamwambia, "Usiondoke hapa, ndugu yangu, watu watanifia kwenye ngazi." Maneno hayo hayakuandikwa popote. Ndiyo maana sasa kampuni ilisema vibanda havina haki ya kuwapo.

Bi Kikuno alikwenda kuchukua fagio. Njia ya katikati ya vibanda hufagiliwa kwa zamu, na fagio huegemezwa mlangoni kwa mwenye siku yake. Siku ile ilikuwa yake. Mlangoni hapakuwa na fagio. Akatazama, akaona muuza samaki wakavu wa kibanda cha tatu akifagia, ameinamisha uso.

"Hiyo zamu yangu, bwana."

"Usijisumbue, Bi Kikuno. Tutafagia wenyewe."

Neno lile, wenyewe, lilimshika mahali.  Akawasha moto.

Saa ya chai, wateja wa asubuhi walipopungua, wenye vibanda hukusanyika kwa Mzee Okabe fundi wa miavuli, kila mtu na kikombe chake ambacho hukaa hapo mwaka mzima juu ya ubao. Vikombe vyote vilikuwa vimejazwa. Cha Bi Kikuno kilikuwa kimefunikwa, chini juu.

"Karibu, karibu mama mkubwa," Fude akamwita kwa sauti ya sokoni. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alipoachika aliwarudishia wakwe zake kila zawadi waliyompa, nzima nzima, boksi kwa boksi, bila kupunguza hata nusu, na toka siku hiyo hawasalimiani hata msibani. Alijisifia hilo kama wengine wanavyojisifia watoto. "Tumekufunikia kikombe vumbi lisiingie. Tumedhani siku hizi unakunywa chai ya ofisini."

Watu wakacheka, si wote.

"Sema unachotaka kusema, Fude."

"Mimi? Mimi nina nini cha kusema? Niliona tu mtu ameingia kwako na furushi, akatoka na kitambaa mfukoni. Nikajiuliza, furushi limeyeyuka? Au lina miguu?"

"Alikuja kumfukizia udi marehemu."

"Wee! Na mimi kesho nitamfukizia. Utanipa nini?"

Mzee Okabe akainua mkono. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye masikio makubwa, aliyefika na mwavuli mmoja wa kutengeneza, akawa na kibanda cha pili baada ya Genzaburo. "Bi Kikuno, sikiliza. Mimi sikutukani. Lakini leo alfajiri mkuu wa yule Shiomi amepita hapa. Ameniambia mbele ya watu: nyumba ya kwanza imekwisha zungumza nasi, imepokea salamu zetu vizuri, nyinyi mnangoja nini?"

"Sikuzungumza naye neno."

"Ulipokea?"

Bi Kikuno alitazama kikombe chake kilichofunikwa. "Lipo mbele ya mume wangu," akasema.

Mzee Okabe akavuta pumzi. Alikuwa na kabati kama lile nyumbani kwake, na kibao cha mkewe ndani yake. Alielewa kwamba halirudishwi. 

"Watu wameanza kulegea," akasema mwishowe. "Wanasema, kama nyumba ya Genzaburo imekubali, sisi ni nani? Jumatatu kampuni inataka jibu la kuhama. Tukienda pamoja watatupa mahali pamoja. Tukienda mmoja mmoja watatutawanya kama makapi. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Basi."

Hakuna aliyekifunua kikombe. Bi Kikuno akainama, akarudi kwenye moto wake. Mchana huo Mitsue alipokwenda kuazima ndoo kwa jirani wa kulia, aliambiwa imetoboka, na ndoo ilikuwa pale imejaa maji.

*

Kampuni haikungoja Jumatatu. Kesho yake Yasuji alirudi nyumbani mapema, amevua kofia, macho yanang'aa kama ya mtu aliyekunywa kidogo.

"Mama, wameniita. Mkuu wao mwenyewe. Amenionyesha mchoro wa jengo jipya la stesheni. Ghorofa saba! Juu duka kubwa, chini kabisa mahali pa vyakula. Kuna pembe moja, karibu na ngazi watu wanaposhuka. Amesema hiyo wameiwekea nyumba ya Genzaburo, kwa heshima ya kuwa wa kwanza. Gesi, Mama. Unageuza koki moto unawaka. Na maji ya bomba lako peke yako, si la kuomba ndoo."

"Na wengine?"

"Wengine watazungumza yao."

"Peke yao?"

"Mama, kibanda cha baba kitaanguka tukikubali na kitaanguka tukikataa! Watu wa vibanda wamekwisha tuhesabu wasaliti. Aibu tumeshaila. Aliyekula aibu asishibe, huyo ni mjinga mara mbili."

 Mwanawe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba makaa tangu ana meno ya utoto, na sasa alimsikia mkewe akikohoa kila alfajiri. Mtu huyo akitamani gesi, nani amlaumu? Gesi ile ilimtamanisha hata yeye, hakulificha hilo. Akajiona amesimama mahali pasafi, mvuke unapanda, mjukuu amelala nyuma ya pazia na kifua kizima.

"Mitsue," akasema, "wewe ndiye utakayepika huko miaka mingi kuliko mimi. Useme wewe."

Mitsue alikuwa akishona nepi. Hakuinua kichwa.

"Leo nimekwenda kununua miavuli miwili kwa Mzee Okabe, ile anayouza kwa wateja wakipatwa na mvua. Nilitaka tu anisemeshe. Amenipa miavuli, amenipa chenji, ameniambia ahsante kama anavyomwambia mpita njia." Akakata uzi kwa meno. "Siku nilipoolewa alinishika mkono kunivusha dimbwi. Aliniita binti. Mimi kikohozi nitakizoea, Mama. Kupika mahali nisipoamkiwa sitaweza."

"Binti, binti! Utakula ubinti?" Yasuji akapaza sauti.

"Nayo gesi hailiwi."

 Yasuji akachukua kofia akatoka kununua sigara, na hakuubamiza mlango. Bi Kikuno alimjua mwanawe: angeubamiza, angekuwa bado anabisha.

Akageukia kabati. Udi ulikuwa umekwisha, akawasha mwingine. Alikaa mbele ya boksi lile akitazama karatasi yake nzuri na kamba yake nyembamba, na bila kutaka akawakumbuka wakwe wa Fude. Akacheka peke yake, kicheko kidogo cha puani.

"Mama?" Mitsue akashtuka.

"Lete kibeti changu," akasema Bi Kikuno. "Kile cha mazishi."

"Cha mazishi yako?"

"Cha nani mwingine? Nikifa Jumatatu mtauchoma mwili wangu kwa mkopo."

*

Duka la Hanakatsu lilikuwa na pazia la bluu na wasichana wenye mikono myeupe. Bi Kikuno alivaa kimono chake cha kijivu cha msibani, ndicho pekee kisicho na doa la mchuzi. Msichana alimtazama viatu kwanza, ndipo akamsalimu.

"Kuna vipande vya kupima, bibi, vile pembezoni mwa halua. Ni vya bei nafuu."

"Sitaki pembezoni. Nataka boksi kubwa, lile lenye karatasi ya majani ya msonobari. Ulifunge kwa kamba ya rangi mbili."

"Hilo ni ghali, bibi."

"Ndiyo. Nimeliona."

Kibeti kilibaki chepesi kama ganda la kitunguu. Akalifunga boksi katika kitambaa chake mwenyewe, akapanda ngazi za stesheni hadi ghorofa ya ofisi, akipumzisha magoti kila baada ya vidato vichache. Watu wa mikoba walimpita pande zote mbili.

Ofisini mlikuwa na meza nyingi na moshi wa sigara. Wauza magazeti wawili wa lango la mashariki walikuwa wameketi kwenye benchi, wameitwa kuzungumza peke yao. Walipomwona wakajifanya wanasoma ukuta.

"Ah, mama wa Horibata!" Mkuu wa ofisi akainuka, mtu mnene mwenye miwani na bashasha. "Mnaona? Mnaona? Wa kwanza daima ni wa kwanza. Umekuja na muhuri wako wa kutia sahihi, mama?"

"Nimekuja kurudisha salamu, bwana."

Akafungua kitambaa, akalisukuma boksi mezani kwa mikono miwili, akainama. Shiomi, aliyekuwa meza ya nyuma, alisimama.

"Mapema hivi! Haya ndiyo malezi ya zamani," mkuu akasema, akalishika kulisogeza. Mkono wake ukapima uzito, uso ukabadilika kidogo. Akaitazama karatasi, akaitazama kamba. "Mama, hili ni kubwa mno. Hili ni kama letu."

"Ndilo hilo hilo, bwana. Duka ni lile, ukubwa ni ule. Nimerudisha zima."

Mmoja wa wauza magazeti akaacha kusoma ukuta. Hakuna katika chumba kile aliyehitaji kuelezwa kwamba nusu ni asante na zima ni kukataa. Hata karani aliyekuwa akipiga taipu alisimamisha vidole.

"Sisi tulikuja kwa nia njema," akasema mkuu, bashasha imemtoka.

"Nami sijasema nia mbaya. Nimesema zima." Akakunja kitambaa chake, akakitia katika mshipi. "Jumatatu atakuja Mzee Okabe kwa niaba yetu sote. Ile pembe karibu na ngazi, mpeni mwingine."

Akaanza kushuka. Hakufika mbali, nyayo zikamfuata. Alikuwa Shiomi. Alimshika kiwiko bila kuomba ruhusa, akamshusha kidato kwa kidato hadi tambarare ya kati.

"Mama, sikuwatuma waseme vile kwa Mzee Okabe."

"Lakini walisema."

"Walisema." Treni ikapita. "Halua ilikuwa ya ofisi. Udi ulikuwa wangu. Nilishuka hapa na mama yangu tukitoka kijijini, nyumba yetu imeungua. Mzee alinipa supu. Ilinuka ngozi. Niliikataa, mama akanipiga kofi, nikainywa. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkanda mpya mate hunijaa."

Bi Kikuno akasimama. Kofia ya Genzaburo ilikuwa na ukanda wa ngozi wa kufungia kidevuni, ambao Bi Kikuno mwenyewe aliukata baada ya baridi ya kwanza kwa kuwa uliharibu supu, na kwa aibu hakumwambia mtu kamwe. Wateja wa siku zile walidhani ni nyama.

Kwa hiyo mtu huyu hakudanganya. Bi Kikuno alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaona amechoka, na kola yake imegeuzwa kuficha uchakavu.

"Udi wako umepokelewa, mwanangu," akasema. "Huo haurudi, umekwisha ungua. Kilichorudi ni halua."

"Nimeelewa, mama."

"Mwakani mwezi kama huu, ukiwa na nafasi, njoo. Uje mikono mitupu."

Shiomi akainama. Wapita njia ilibidi wamzunguke.

*

Habari ilifika chini ya reli kabla yake. Wauza magazeti wana miguu. Bi Kikuno alipita moja kwa moja nyumbani, akagonga kikengele, akamwomba mumewe ruhusa, akalishusha boksi. Sasa lilikuwa limelipiwa. Lilikuwa halua yao kama halua nyingine yoyote, na kinachoshushwa kutoka kwa marehemu hugawiwa walio hai. Saa ya chai alitokea kwa Mzee Okabe akiwa na boksi, ubao, na kisu cha vitunguu.

"Nini tena hiyo?" akauliza muuza samaki.

"Makombo ya mume wangu."

Akakata. Halua ilikuwa nyeusi, inang'aa kama nguzo yao ikilowa mvua. Watu walitazamana. Yasuji, aliyekuwa amesimama nje na mikono mfukoni, ndiye aliyeingia wa kwanza akachukua kipande, akala, akatoka kwenda kuchochea moto.  Mitsue alimtazama akienda, akajifuta pua.

Fude alikizungusha kipande chake mbele ya mwanga. "Haina sumu?"

"Ingekuwa nayo Genzaburo angefufuka kutuambia."

Fude akatia mdomoni. Akatafuna taratibu, amefumba jicho moja. "Mbwa hawa," akasema. "Wanajua maduka." Kisha, akiwa bado anatafuna: "Zima kwa zima, eh? Hilo ulijifunza kwa nani?"

"Kwa mwanamke mmoja aliyeachika."

"Lazima alikuwa mzuri."

"Alikuwa na mdomo."

Walicheka, na safari hii wote. Mzee Okabe hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya ubao, akakigeuza kile kikombe kilichofunikwa, akakifuta ndani kwa pindo la shati, akamimina.

Jumatatu walikwenda pamoja. Hawakuongea vizuri, mmoja alilia, mwingine alitukana. Jengo lilijengwa vile vile. Mwaka ulipogeuka nyundo zilifika, na nguzo nyeusi ilipakwa saruji nyeupe asubuhi moja tu, kabla ya adhuhuri. Walichopewa kilikuwa kichochoro nyuma ya stesheni, upande wa vyoo, mahali palipopigwa na jua kwa muda mfupi na mvua kwa muda mrefu. Lakini walipewa wote, kibanda kwa kibanda, kwa mpango ule ule wa zamani. Ile pembe karibu na ngazi alipata mtu wa kahawa kutoka mji mwingine. Mitsue alijifungua msichana na aliendelea kukohoa majira ya baridi. Yasuji alinunua makaa mazuri kidogo.

Asubuhi ya kwanza upande ule, Bi Kikuno alifika giza halijaondoka. Hapakuwa na mtu. Mlango wa kibanda kipya ulinuka mbao mbichi, na hapo mlangoni lilikuwa limeegemezwa fagio.

Alitazama huku na huku, akalichukua, akaanza kufagia kutoka mwisho wa kichochoro.